Jukwaa Lililokuja kwa Bahari

Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake. Pemba, iliyo kilomita hamsini hivi kaskazini, ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Bei ya karafuu ikapanda, wenye mali wakaelekeza macho kwenye vilima vya Chake Chake, Wete na Mkoani, na miaka iliyofuata kisiwa hiki ndicho kilichotoa sehemu kubwa ya zao lote la Zanzibar. Habari hiyo kwa kawaida husimuliwa na watu wa uchumi. Mimi naanza nayo kwa sababu nyingine: bila fedha ya karafuu, na bila watu walioletwa na karafuu, Pemba isingekuwa na umati wa watazamaji. Historia ninayotaka kuieleza ni ya watazamaji hao. Ni namna watu wa kisiwa kimoja walivyozoea kufuata nyimbo na maigizo yaliyochezwa mbali nao, kwanza katika santuri, kisha kwenye kitambaa cheupe, kwenye kioo cha televisheni na mwishowe kwenye simu, na ni kwa nini kamera imechelewa mno kugeuka ikawatazama wao.

Kabla ya mashine

Hadi mwaka 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alipotia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa, mikarafuu ya Pemba ilichumwa zaidi na watumwa. Baada ya hapo msimu ulianza kuwaita vibarua kutoka Unguja na Mrima, na kila aliyekuja alikuja na ngoma ya kwao. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Jioni wanakaa kuchambua, kutenganisha karafuu na vikonyo, na hapo nyimbo huanza. Msimu ukiwa mzuri, ngoma hazilali.

Kisiwa kilikuwa na zake tangu kale. Uringe ni wa Pemba. Msewe nao ni wa Pemba, na ndio ngoma ninayoiona kuwa fundisho kwa yeyote anayetaka kupiga picha mchezo wa jukwaani. Wanaume hujifunga miguuni njuga zilizofumwa kwa majani makavu, na kila hatua inayogonga ardhi hutoa mlio. Mguu ni chombo cha muziki. Anayemtazama mchezaji usoni amekosa nusu ya ngoma. Kwenye mchezo wa ng'ombe, ambao wengi huuhusisha na Wareno waliotawala pwani hii karne ya 16 na ya 17, zumari na ngoma humchemsha ng'ombe na kuwachemsha watu, na kijana wa mbele hajui lini ametoka katika utazamaji akaingia katika mchezo.

Nyumba za wasomi nazo zilikuwa na majukwaa yao. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Pemba ilikuwa na washairi wawili ambao mpaka leo wanatajwa pamoja: Kamange na Sarahani. Kamange alisifika kwa tungo za mapenzi, Sarahani kwa elimu na uzito wa dini, na walijibizana kwa beti. Beti zao zilitoka mdomoni zikaingia masikioni, watu wakazihifadhi na kuzirudia barazani. Nalitilia mkazo jambo hili kwa sababu mara nyingi sanaa ya Zanzibar husimuliwa kana kwamba yote ilizaliwa Mji Mkongwe, na Pemba ikapokea tu. Katika utungo, Pemba ilikuwa chemchemi.

Jambo moja linaunganisha msewe, mchezo wa ng'ombe na majibizano ya washairi: hakuna mstari unaowatenga wanaocheza na wanaotazama. Kila mashine iliyokuja baadaye ilichora mstari huo.

Dakika tatu za upande mmoja, 1905–1935

Inasimuliwa kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alileta muziki wa Misri katika kasri lake, na kwamba Mohamed bin Ibrahim alipelekwa Cairo kujifunza kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini Unguja waliunda Ikhwani Safaa, chama cha taarab ambacho kipo hadi sasa. Taarab hiyo ilikuwa ya kukaa: safu za wapigaji, mwimbaji mbele, wageni kwenye viti. Jukwaa halisi likawa limezaliwa.

Aliyelitoa jukwaa hilo katika kumbi za wakubwa ni Siti binti Saad, mwanamke wa Fumba aliyezaliwa miaka ya 1880 hivi, muuza vyungu aliyeimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri za HMV. Mafanikio yalikuwa makubwa kiasi kwamba kampuni nyingine zilituma mafundi na mitambo yao Zanzibar.

Santuri ilisafiri kirahisi. Jahazi au meli ndogo iliyopeleka mchele Wete iliweza kupeleka santuri pia, na gramafoni ya kukaza kwa mkono haikuhitaji umeme. Lakini upande mmoja wa santuri ya zama hizo ulichukua dakika tatu na kidogo. Wimbo wa taarab, kwa kawaida yake, huanza na ala peke yake, hupumzika baina ya beti, hurudia kiitikio pale watu wanapotaka, na unaweza kufika robo saa. Siti na wenzake walilazimika kuukata. Msikilizaji wa Pemba aliyeujua wimbo kwa santuri peke yake aliujua wimbo uliokwisha kunyolewa: beti zipo, sauti ipo, ila ile hali ya watu kuagiza ubeti urudiwe haimo. Ilikuwa mara ya kwanza kisiwa kupokea onyesho bila watu wake.

Kitambaa cheupe, 1921–1963

Picha zinazotembea zilifika Zanzibar mwanzoni mwa karne kwa mikono ya waonyeshaji wa Kihindi waliotembea na mitambo yao bandari hadi bandari. Mwaka 1921 mjini Unguja palifunguliwa jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, mwanausanifu wa serikali ya kikoloni. Liliungua, na mwaka 1955 mahali pake pakasimama Majestic. Pemba nayo ilipata majumba yake ya sinema, Wete na Chake Chake. Kwa kisiwa cha mashamba, hilo halikuwa jambo dogo. Mtu aliyelipwa fedha ya karafuu Jumamosi alikuwa na mahali pa kuivalia nguo mpya Jumapili.

Sauti ilipoingia katika filamu, nyimbo ndizo zilizoshinda. Cairo ilitoa filamu za uimbaji: Mohammed Abdel Wahab alitokea katika *Ua Jeupe* mwaka 1933, na Umm Kulthum alicheza filamu sita baina ya 1936 na 1947. Wanamuziki wa Unguja waliziangalia kwa jicho la mwanafunzi. Waliona fidla nyingi zikikaa safu kwa safu, waliona kodiani na besi kubwa, waliona kiongozi akisimama mbele, na vyama vya taarab vikapanuka vikawa firqa kwa mfano huo. Hapa sinema iliujenga upya uimbaji wa jukwaani, na haikuwa picha yake tu.

Bombay ilileta mengine. *Awaara* ya Raj Kapoor na Nargis, iliyotoka India mwaka 1951, ilipofika pwani hii katika miaka ya 1950 iliwashika watu wasiojua Kihindi hata kidogo. Walizihifadhi nyimbo kwa mlio wake, wakaielewa hadithi kwa nyuso na machozi, na anayejua zaidi akamfafanulia jirani papo hapo ukumbini. Mombasa, mwimbaji Juma Bhalo na wenzake walizichukua tuni za filamu za Kihindi wakazivisha mashairi ya Kiswahili.

Vijijini kulikuwa na sinema ya gari. Serikali ya kikoloni ilituma gari lenye jenereta, mtambo wa filamu za milimita 16 na kipaza sauti, likafunga kitambaa uwanjani baada ya magharibi. Kilichoonyeshwa kilikuwa zaidi mafunzo ya afya na kilimo pamoja na habari za ufalme, na mkalimani alieleza kwa Kiswahili juu ya sauti ya filamu. Mtambo ulikuwa mmoja, kwa hiyo kigurudumu cha filamu kikiisha kila kitu husimama: taa inawashwa, fundi anakitoa kigurudumu, anaingiza kingine, anaupitisha ukanda katika meno ya mtambo. Mapumziko hayo watu waliyajaza kwa maongezi, nyimbo na vicheko. Naona kwamba pale katikati ya vigurudumu ndipo watazamaji walipojirudishia nafasi yao.

Wakati huohuo, New York

Upande wa pili wa dunia mchezo wa kuigiza kwa nyimbo ulikuwa umepata umbo lililofuatwa na karibu kila mtu baadaye. Tarehe 31 Machi 1943, katika ukumbi wa St. James, New York, ulifunguliwa mchezo wa *Oklahoma!* wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein. Nyimbo na ngoma zake zilibeba kisa, hazikuwa pambo la kukipumzisha, na ulichezwa mara 2,212 kabla ya kufungwa. Kisa chenyewe ni cha mashambani: wafugaji na wakulima wanaogombea ardhi, msichana, vijana wawili.

Mwaka 1955 Fred Zinnemann aliutengenezea filamu. Alipiga picha uwandani, farasi wa kweli na mahindi ya kweli, na kila onyesho lilipigwa mara mbili kwa aina mbili za ukanda kwa sababu majumba mengi hayakuwa na mitambo ya ule ukanda mpana mpya. Ilikuwa filamu kubwa, lakini jukwaa lilitoweka kabisa ndani yake. Swali la kuhifadhi mchezo ukiwa mchezo, juu ya mbao, lilibaki likisubiri. Zanzibar nayo ilikuwa inaelekea kwenye mageuzi yaliyolisukuma swali hilo mbali.

Mapinduzi na rangi, 1964–1984

Mapinduzi ya Januari 1964 yaligusa kila jukwaa. Majumba ya sinema yalitaifishwa, na wengi waliokuwa wakiyaendesha waliondoka. Ikhwani Safaa kiliendelea kwa jina la Malindi. Chama kilichoanza mwaka 1958 miongoni mwa vijana wa Afro-Shirazi, Shime Kuokoana, kilikuwa chini ya wizara ya utamaduni na kikakua kuwa Culture Musical Club, firqa kubwa kuliko zote. Ngoma za vijiji zilipandishwa jukwaani na vikundi vya serikali, na msewe ukawa miongoni mwa zilizochezwa mbele ya wageni rasmi, umepangwa safu na kupewa muda maalumu.

Redio ndiyo iliyofika kila mahali. Sauti ya Unguja, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa na studio Raha Leo ambamo vyama vilipiga vikarekodiwa, na Pemba ikawasikia bila kuvuka mkondo. Halafu, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Zanzibar ikaanzisha televisheni ya rangi, mbele ya nchi nyingi za Afrika; Tanzania Bara ilisubiri hadi 1994. Watu walikusanyika kwa makumi mbele ya kioo kimoja. Firqa ikawa sasa inaonekana: mkono juu ya kanuni, jicho la mwimbaji, vitambaa vya wanawake waliokaa mbele.

Hapo ndipo tatizo la kweli la kupiga picha taarab lilipojitokeza, na nalieleza kwa kirefu kwa sababu aliyekaa harusini Pemba analijua. Katika taarab watu huenda kutunza. Mwanamke aliyeguswa na ubeti husimama, husogea polepole kwa mwendo wa wimbo, fedha imeinuliwa mkononi, humfikia mwimbaji, humpa, hugeuka na kurudi akiwatazama wenzake. Wakati mwingine tunzo ni kumsifu mwimbaji. Wakati mwingine ni kumfikishia mtu mwingine ukumbini ujumbe: ubeti huu ni wako. Kamera iliyokaa katikati ya ukumbi huzibwa na migongo yao. Fundi asiyeelewa huudhika, huisogeza kamera juu ya vichwa, humbana mwimbaji uso tu. Picha inakuwa safi, na nusu ya onyesho imekwenda.

Huko London au New York mtazamaji hukaa gizani akapiga makofi mwishoni. Kumweka nje ya picha si hasara kubwa. Kwetu ni hasara kubwa.

Kaseti, 1985–1997

Biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, kaseti za video zikaingia na majumba ya sinema yakaanza kufa. Lililobaki wazi lilikosa filamu mpya, viti vikavunjika, mapaa yakavuja. Vibanda vya video vikachukua nafasi: kioo kimoja, mabenchi, jenereta nyuma. Filamu za India ziliendelea kutawala, lakini zikaja pia kaseti za taarab, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 rusha roho, iliyobadili firqa kwa kinanda na gitaa na kuyafanya maneno yawe makali. Video za rusha roho zilifanya jambo moja jema ambalo wakosoaji wake hawalipi thamani: ziliwaonyesha wanaocheza na kutunza. Wapiga picha walijua mnunuzi anataka kuwaona watu, na kujiona.

Mwaka 1998 na baada yake

Lile swali la kuhifadhi mchezo ukiwa mchezo lilipata jibu mwaka huo. Julai 1998 mwongozaji Trevor Nunn aliufufua *Oklahoma!* katika National Theatre mjini London. Susan Stroman alitunga ngoma mpya badala ya zile za Agnes de Mille za 1943, na kijana wa Australia, Hugh Jackman, akawa Curly, mmoja wa wale vijana wawili wa kisa. Zamani, katika onyesho la ndoto, wachezaji wengine walichukua nafasi ya waigizaji wakuu. Safari hii waigizaji walicheza wenyewe. Onyesho hilo lilitiwa katika filamu iliyotolewa mwaka 1999. Kamera ilikubali mbao, mandhari ya kuchora na mwanga wa jukwaani, ikasogea karibu pale inapofaa: uso wa Laurey, yule msichana wa kisa, anapocheza hofu yake ni uso uleule ulioimba dakika chache kabla. Huu ndio ustadi ninaoupenda. Jukwaa limebaki jukwaa, na aliye mbali anapata kiti cha mbele.

Mwaka huohuo wa 1998 Ngome Kongwe ya Unguja ilipokea Tamasha la kwanza la Filamu la Nchi za Jahazi, ZIFF. Tamasha hilo lilirudisha kitambaa cheupe wazi usiku, na lilipeleka maonyesho vijijini, Pemba ikiwemo. Wazee waliokumbuka gari la serikali waliwaona wajukuu wakikaa chini vilevile.

Kamera zikaanza kuigeukia taarab yenyewe kwa heshima. Mwimbaji Bi Kidude, aliyekuwa amerudi jukwaani katika miaka ya 1980 akiwa tayari mzee, alifuatwa na filamu ya Andy Jones ya 2006. Mwaka 2009 Philippe Gasnier na Patrice Nezan walitoa filamu kuhusu vyama vya muziki vya Zanzibar, na mwaka 2016 Ron Mulvihill akatoa filamu ya miaka mia ya Ikhwani Safaa, ambamo wazee wa chama wanazungumza na nyimbo za zamani zinapigwa tena mbele ya kamera. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo ndugu wa karibu zaidi wa kazi ya Nunn katika visiwa vyetu: kitu cha kale kilichofufuliwa kwa makusudi na kunaswa kingali hai. Kitovu cha kazi zote hizo ni mji wa Unguja. Wageni waliopiga picha Pemba walipenda zaidi bahari, misitu na mchezo wa ng'ombe.

Sababu si dharau peke yake. Umeme wa Pemba ulitegemea majenereta ya dizeli hadi mwaka 2010, waya wa baharini kutoka pwani ya Tanga ulipokiunganisha kisiwa na gridi ya taifa. Kabla ya hapo, kuandaa onyesho la jioni lenye taa na kamera kadhaa kulimaanisha kubeba kila kitu, pamoja na mafuta. Vyombo, mafundi na fedha za wafadhili vilikuwa Unguja, karibu na wizara, tamasha na watalii. Aliyetaka kurekodiwa alivuka.

Waya huo ulibadili mambo haraka. Simu zilizojaa chaji ziliingia harusini, na sasa taarab ya Wete hupigwa picha na watu ishirini kwa pamoja, kila mmoja kutoka kiti chake. Picha hizo hufika usiku uleule kwa jamaa walioko Muscat, Mombasa, Dar es Salaam na London. Zinatetemeka, sauti inapasuka, lakini anayetunza haondolewi, kwa kuwa mpiga picha ni dada yake.

Wanaojua kazi ya jukwaa na wanaojua kazi ya kamera Zanzibar wapo wa kutosha: vyama vya taarab, chuo cha muziki wa nchi za jahazi kilichofunguliwa Unguja mwanzoni mwa karne hii, na watengenezaji filamu wa kizazi cha Amil Shivji, ambaye *Vuta N'kuvute* yake ya 2021 imejaa uimbaji. Kama wataufufua msewe wa Pemba kwa ajili ya filamu, nawaomba wauchezeshe juu ya ardhi ngumu na si juu ya zulia, watu wakae duara kama walivyozoea, na kamera mbili zitazame upande wao. Kinasa sauti cha kwanza kiwekwe chini, penye miguu.